Ugonjwa wa Kiwele: Mikono ya Mkamaji Huuleta, na Mikono ya Mkamaji Huuzuia

Msomaji wetu, somo la mwezi huu ni juu ya ugonjwa wa kiwele cha ng'ombe wa maziwa. Madaktari wa mifugo huuita mastaitisi. Wakulima wengi wanaujua kwa macho: asubuhi moja ng'ombe arusha teke akiguswa, kiwele kimevimba upande mmoja, na maziwa yatoka na madonge au damu. Lakini ugonjwa haukuanza asubuhi ile. Ulianza siku nyingi kabla, na mara nyingi ulipita katika mkono wa mtu ambaye hakukusudia ubaya wo wote.

Kusudi la somo hili ni kukuonyesha kwamba ugonjwa huu, katika mazizi mengi, waweza kuzuiwa kwa kazi ya dakika chache kila unapokama. Dawa ni msaada mkubwa, wala hatusemi uiache. Lakini dawa haiwezi kushika mahali pa kazi hiyo. Soma polepole, na kama wewe siye unayekama, msomee mama, kijana au mtumishi anayeshika chuchu kila siku. Hilo ndilo jambo la kwanza.

VIJIDUDU WANAOLETA UGONJWA

Ugonjwa wa kiwele huletwa na vijidudu viitwavyo bakteria. Ni viumbe vidogo mno, visivyoonekana ila kwa darubini. Wako wengi duniani wasiotudhuru, na wengine hutufaa, kama wale wanaogandisha maziwa yakawa mala. Lakini wako wanaodhuru, na kwa ng'ombe wa maziwa yafaa kukumbuka majina matatu: stafilokokasi, streptokokasi na E. koli.

Nguvu ya vijidudu hawa ni kuzaliana upesi. Wakipata joto, unyevu na chakula, baadhi yao, kama E. koli, kila mmoja aweza kugawanyika akawa wawili kwa muda wa dakika 20 hivi. Chukua kalamu ufanye hesabu. Kijidudu mmoja saa moja ikipita amekuwa 8. Saa mbili ni 64. Saa tatu ni 512. Saa saba zikipita, wamepita 2,000,000. Sasa fikiri: ndani ya kiwele kuna joto, na kuna maziwa, ambayo ni chakula kizuri kwao kama kilivyo kwetu. Ndiyo sababu ng'ombe aweza kuonekana mzima jioni, na asubuhi ukamkuta hataki kuguswa.

Kwa hiyo mwenye akili hangoji mpaka waingie ndipo apigane nao. Huwafungia mlango.

MLANGO WENYEWE NI CHUCHU

Kiwele cha ng'ombe kina sehemu nne, na kila sehemu huitwa robo. Kila robo ina chuchu yake, na maziwa ya robo moja hayapiti ndani kwa ndani kuingia robo nyingine. Ndiyo maana waweza kuona robo moja imeugua na tatu ni nzima.

Kwenye ncha ya chuchu kuna tundu dogo, nalo hufungwa na msuli mwembamba kama mfuko unavyofungwa kwa kamba. Ng'ombe asipokamwa, tundu limefungwa, na vijidudu hawaingii kwa urahisi. Lakini ukimaliza kukama, msuli ule umelegea, na tundu hubaki wazi kwa muda wa nusu saa au hata saa nzima na zaidi. Wakati huo ng'ombe akilala katika mavi na matope, ni kama mtu aliyeacha mlango wazi usiku na mwizi yu nje.

Vijidudu huufikia mlango huo kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kutoka ng'ombe kwa ng'ombe. Stafilokokasi na baadhi ya streptokokasi hukaa katika kiwele kigonjwa na juu ya ngozi ya chuchu, nao husafiri wakati wa kukama. Tuseme zizini mna ng'ombe watatu: Zawadi, Maua na Tumaini. Zawadi ana ugonjwa katika robo ya nyuma ya kulia, lakini bado haujaonekana. Mkamaji aanza na Zawadi, kwa sababu yeye ndiye mwenye maziwa mengi. Ampangusa kiwele kwa kitambaa, amkama, kisha akichukua kitambaa kile kile ampangusa Maua, na baadaye Tumaini. Mikono haikuoshwa katikati. Hapo kitambaa na mikono vimekwisha kufanya kazi ya kubeba mizigo, na robo moja iliyougua yaweza kuwa robo tano kabla mwezi haujaisha.

Njia ya pili ni kutoka mavi na matope. E. koli hukaa katika matumbo ya ng'ombe, hutoka na mavi, na huzaliana sana mahali penye unyevu. Basi ng'ombe anayelala penye maji, hasa wakati wa mvua za masika, chuchu zake hugusana nao usiku kucha.

Angalia, msomaji: njia ya kwanza yafungwa wakati wa kukama, na njia ya pili yafungwa kwa kutengeneza mahali pa kulala. Mkulima akifunga moja akaiacha nyingine, amefanya nusu ya kazi.

UGONJWA ULIO WAZI NA UGONJWA WA SIRI

Ugonjwa ulio wazi una dalili ambazo kila mtu aweza kuziona. Robo huvimba, huwa ngumu na ya moto, na ng'ombe huona uchungu akiguswa. Maziwa hubadilika, yakawa mepesi kama maji, au yakawa na madonge, usaha au damu. Wengine hupata homa na kuacha kula.

Ugonjwa wa siri ndio ulio wengi zaidi, na ndio unaomaliza fedha za mkulima bila yeye kujua. Kiwele hakikuvimba. Maziwa ni meupe. Ng'ombe anakula vizuri. Lakini ndani ya robo vijidudu wanaharibu zile sehemu zinazotengeneza maziwa, na maziwa yanapungua kidogo kidogo. Mkulima hudhani ni upungufu wa majani, akaongeza nepia na chakula cha kununua, na maziwa hayaongezeki.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme ng'ombe mmoja anapoteza lita 2 kila siku kwa sababu ya ugonjwa wa siri, na anakamwa siku 300. Hizo ni lita 600. Ukiuza lita moja kwa shilingi 50, umepoteza shilingi 30,000. Weka bei ya kwenu mahali pa ile 50, nawe utajua hasara yako mwenyewe. Hiyo ni karo ya mtoto iliyomwagika bila mtu kuiona ikimwagika.

Ugonjwa wa siri hujulikanaje? Mwaka 1957, huko California nchini Marekani, wataalamu Schalm na Noorlander walitangaza njia rahisi ambayo inatumika mpaka leo duniani pote, hata hapa Kenya. Ni kibao chenye visahani vinne, kimoja kwa kila chuchu. Maziwa kidogo ya kila robo hukamwa katika kisahani chake, kisha hutiwa dawa ya kupimia, kiasi kile kile kama maziwa, na kibao huzungushwa polepole. Maziwa ya robo nzima hubaki majimaji. Maziwa ya robo iliyougua huwa mazito na kuvutika kama mlenda, na kadiri ugonjwa ulivyo mwingi ndivyo uzito unavyozidi. Kazi hiyo haifiki dakika moja. Mwombe afisa wa mifugo akuonyeshe, au ombeni chama chenu cha ushirika kiwe na kibao na dawa yake ili wanachama wapime ng'ombe wao kila mwezi.

TARATIBU YA KUKAMA

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Fuata taratibu hii asubuhi na jioni, wala usiruke hata hatua moja siku unapokuwa na haraka. Siku ya haraka ndiyo siku ambayo ugonjwa hupata nafasi.

1. Panga ng'ombe. Aanze mtamba aliyezaa mara ya kwanza, kisha wale walio wazima, kisha wale waliopata kuugua, na mgonjwa awe wa mwisho. Kama ungepanga hivyo katika zizi la mfano wetu, Zawadi angekamwa baada ya Maua na Tumaini, na ugonjwa wake usingepata wa kumbeba.

2. Osha mikono kwa sabuni na maji safi kabla ya kuanza, na uioshe tena kabla ya kumgusa ng'ombe mwingine. Kucha ziwe fupi.

3. Kama matone ya kwanza, mara mbili au tatu kwa kila chuchu, katika kikombe chenye rangi nyeusi, au kikombe kilichofunikwa kwa kitambaa cheusi. Juu ya rangi nyeusi utaona madonge meupe hata yakiwa madogo. Usikame matone hayo chini sakafuni wala kiganjani mwako, kwa maana hapo utakuwa umewapanda vijidudu mahali pengine.

4. Osha chuchu kwa maji safi ya uvuguvugu. Kama ni safi tayari, hapana haja ya kuloweka kiwele chote. Maji yakiteremka kutoka juu ya kiwele, hubeba uchafu na kuuleta kwenye tundu la chuchu.

5. Kausha chuchu kwa kitambaa safi. Kila ng'ombe na kitambaa chake. Hili wengi huliona ni gharama, lakini shuka kuukuu moja ikikatwa yatoa vitambaa vingi. Vitambaa vifuliwe kwa sabuni, vichemshwe na vianikwe juani kila siku.

6. Kama kwa kiganja kizima. Bana chuchu kuanzia juu, vidole vikifuatana kuteremka. Usiivute chuchu kwa vidole viwili, kwa kuwa kuvuta huumiza ngozi ya ndani, na jeraha ni makao ya vijidudu. Usilowanishe mikono kwa maziwa. Ukitaka ulaini, tumia mafuta ya kukamia, kidogo tu.

7. Maliza maziwa, lakini usiendelee kunyonga chuchu iliyokwisha.

8. Mara umalizapo, chovya kila chuchu katika dawa ya chuchu, kama ile ya iodini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Itumie kama karatasi yake inavyoagiza, na iifunike chuchu yote, si ncha peke yake. Usichovye kwa dawa ya kuoshea vyombo au sakafu, maana hizo zaweza kuunguza ngozi. Dawa iliyobaki katika kikombe cha kuchovyea ikichafuka imwagwe, isirudishwe chupani.

9. Mpe ng'ombe majani mara moja. Akila amesimama kwa saa moja hivi, tundu la chuchu litakuwa limejifunga kabla hajalala. Kwa hiyo majani ya baada ya kukama ni ya kushibisha, tena ni ya kulinda.

Hatua ya nane ina historia yake. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa utafiti wa maziwa karibu na mji wa Reading, Uingereza, walipima kwa makini mambo yanayopunguza ugonjwa wa kiwele katika mashamba. Walikuta kwamba kuchovya chuchu baada ya kila ukamaji ni moja ya nguzo za kuuzuia, pamoja na kutibu wagonjwa mapema, kuwatibu ng'ombe wanapokaushwa, kuwaondoa wasiopona na, kwa wenye mashine, kuitunza vizuri mashine ya kukamia. Nguzo hizo zimesimama mpaka leo.

Kama ndama ananyonya, usimruhusu ndama mmoja kunyonya ng'ombe wawili, wala usimpe maziwa ya robo iliyougua.

MAHALI PA KULALA

Ng'ombe hulala saa nyingi kwa siku. Mahali pake pawe pakavu kuliko po pote pengine bandani. Sakafu iwe na mteremko ili mkojo na maji yaende zake. Ondoa mavi kila asubuhi na kila jioni kabla ya kukama. Kama umeweka majani makavu au takataka za mbao, badilisha zilizolowa. Zilizolowa ni mbaya kuliko kutokuweka kitu. Piga goti chini mahali anapolala. Ukisimama na suruali imelowa, jua kwamba kiwele chake nacho kimelowa usiku kucha.

Tazama vilevile misumari, mabati yaliyochomoza na seng'enge. Chuchu iliyokatwa hupona kwa shida, na mara nyingi ugonjwa huingia kabla ya kupona.

NG'OMBE AKIUGUA

Pamoja na bidii yote, yawezekana siku moja utaona madonge katika kikombe cheusi. Fanya hivi.

Kwanza, mwite daktari wa mifugo au msaidizi wake aliyesajiliwa. Halmashauri ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya huandikisha wenye ujuzi huo kwa sheria ya mwaka 2011, nawe una haki ya kumwuliza mtu anayekuja na sindano kama amesajiliwa. Usingoje siku ya tatu. Sehemu ya kiwele iliyoharibika na kuwa ngumu kama jiwe hairudi tena kutoa maziwa, na ng'ombe wa robo tatu hauzwi kwa bei ya ng'ombe wa robo nne.

Kuna dalili za hatari zisizongoja hata jioni. Joto la mwili la kawaida la ng'ombe mzima ni nyuzi 38.5 hivi za Sentigredi. Akiwa na homa kali, ameacha kula, macho yameingia ndani, hawezi kusimama, au kiwele kimekuwa baridi na kubadilika rangi kuwa samawati au nyeusi, tuma mtu saa ile ile. Ugonjwa wa namna hiyo waweza kumwua, na huwapata zaidi ng'ombe waliozaa karibuni.

Pili, wakati unamngoja daktari, kama robo iliyougua mara kwa mara ili kutoa uchafu, ukitumia chombo cha peke yake. Usimwage maziwa hayo bandani. Yafukie mbali. Lakini daktari akitaka kupima, atachukua maziwa kidogo kwa chupa safi kabla ya dawa kuanza. Kipimo hicho ni cha faida, kwa kuwa kila namna ya bakteria ina dawa inayoiweza na dawa isiyoiweza.

Tatu, usitie kitu katika tundu la chuchu. Wako watu wanaozibua chuchu kwa kijiti, unyasi au waya. Huko ni kumchukua kijidudu na kumkaribisha ndani kwa mkono wako. Kupaka majivu au mavi ya moto juu ya kiwele nako hakuponyi.

Mara nyingi daktari atakupa dawa iliyo katika mrija mdogo, inayoingizwa katika tundu la chuchu. Kama amekuachia ya siku zinazofuata, kama robo hiyo mpaka iishe, osha mikono, safisha ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti, ingiza ncha ya mrija kidogo tu, sukuma dawa, kisha chovya chuchu. Mrija mmoja ni wa robo moja. Hakuna kugawanya mrija kati ya robo mbili, wala kuutunza uliofunguliwa hata kesho.

DAWA ISIYOMALIZWA

Hapa pana neno ambalo nakuomba ulisome mara mbili.

Penisilini, dawa mashuhuri ya kuua bakteria, iligunduliwa London mwaka 1928 na Alexander Fleming. Mwaka 1945 alipopewa tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, Fleming alitumia nafasi hiyo kuonya kwamba dawa ikitolewa kidogo mno, vijidudu hawatakufa wote, na waliobaki watajifunza kuistahimili. Onyo lake limekuwa kweli. Leo hospitali za watu na zizi la ng'ombe zote zina bakteria ambao dawa zilizowaua zamani haziwawezi tena.

Wewe mkulima unaijua sangari shambani. Ukikata majani ya juu ukaacha mizizi, shamba laonekana safi kwa juma moja, kisha sangari yarudi. Dawa isiyomalizwa ni hivyo hivyo, tena ni mbaya zaidi, kwa sababu vijidudu wanaosalia ndio wale wenye nguvu kuliko wenzao, nao huzaa wenye nguvu kama wao. Siku ya pili uvimbe umepungua na maziwa yameanza kuwa meupe. Mkulima asema, "Amepona," naye aweka dawa iliyobaki rafuni kwa ng'ombe mwingine. Baada ya majuma machache ugonjwa umerudi, na dawa ile ile haifanyi kitu. Kama daktari amesema siku tatu, ni siku tatu. Kama amesema tano, ni tano.

Na kwa sababu hiyo hiyo usinunue dawa dukani kwa kukisia, ati kwa kuwa ilimponya ng'ombe wa jirani. Pengine vijidudu wa jirani si wako.

MAZIWA YENYE DAWA SI YA KUUZA

Kila dawa ya namna hii ina karatasi iliyoandikwa siku ambazo maziwa hayafai kunywewa wala kuuzwa. Siku hizo huhesabiwa tangu dozi ya mwisho, si tangu ya kwanza. Mwulize daktari akuandikie tarehe yenyewe, nawe uibandike bandani ili kila anayekama aione. Funga utepe mwekundu katika mguu wa ng'ombe huyo, kusudi asichanganywe na wengine. Kumbuka kwamba hata dawa ikiingizwa katika robo moja, humwagwa maziwa ya robo zote nne, maana dawa huchukuliwa na damu. Nyama nayo ina siku zake, zilizoandikwa papo hapo.

Watu wengine hudhani kuchemsha kutaondoa dawa. Hasha. Kuchemsha ni kwema, kwa kuwa huua vijidudu, pamoja na wale wa kifua kikuu na wa homa ya brusela, na maziwa yote ya kunywa yachemshwe. Lakini kuchemsha hakuondoi mabaki ya dawa kiasi cha kuyafanya maziwa yawe salama. Vilevile iko sumu ya stafilokokasi ambayo haiharibiwi na moto wa kuchemshia. Basi maziwa ya kiwele kigonjwa hayatengenezwi kwa moto.

Mwenye kuyauza huwadhuru watu asiowajua. Wako watu ambao penisilini, hata kidogo, huwaletea madhara mwilini. Wako watoto wanaokunywa dawa kidogo kidogo kila siku, na bakteria wa miilini mwao wanajifunza kuizoea. Na kiwanda cha mala au maziwa lala hupata hasara, kwani dawa huwaua vijidudu wema na maziwa hayagandi. Mkebe mmoja wenye dawa ukimwagwa katika tangi la ushirika, umeharibu jasho la wanachama wote walioleta maziwa siku hiyo.

Najua ni vigumu kumwaga maziwa wakati fedha zahitajika nyumbani. Lakini siku chache za kumwaga ni bei ya kupona. Ukitaka kuipunguza bei hiyo, rudi kwenye hatua zile tisa.

KUMKAUSHA, NA ASIYEPONA

Ng'ombe apumzishwe siku 60 hivi kabla ya kuzaa. Wakati huo kiwele hujitengeneza upya, na ni nafasi nzuri ya kutibu ugonjwa wa siri. Iko dawa maalum ya kutiwa katika kila chuchu baada ya kumkama mara ya mwisho. Hukaa muda mrefu ndani ya kiwele, kwa hiyo isitumiwe kamwe kwa ng'ombe anayekamwa. Mwulize daktari kama ng'ombe wako aihitaji, na umtazame kiwele kila siku katika majuma mawili ya kwanza.

Ng'ombe aliyetibiwa sawasawa mara tatu au nne na ugonjwa ukarudi katika robo ile ile ni hazina ya vijidudu kwa zizi lote. Huyo auzwe kwa mchinjaji, siku za dawa zikiisha. Usimwuzie jirani kwa kunyamaza. Nawe ukinunua ng'ombe wa maziwa, usimtazame pembe na mgongo peke yake: kama kila chuchu katika kikombe cheusi, papasa kila robo kama ina uvimbe mgumu, na ukiweza apimwe kwa kibao kabla hujatoa fedha.

MASWALI YA KUJIPIMA

Jibu bila kutazama nyuma, kisha uhakikishe.

1. Kwa nini ng'ombe mgonjwa akamwe mwisho?
2. Kwa nini matone ya kwanza yasikamwe sakafuni?
3. Ng'ombe asimamishwe muda gani baada ya kukamwa, na kwa njia gani iliyo rahisi?
4. Robo moja imetiwa dawa. Maziwa ya robo ngapi humwagwa?
5. Dozi ya mwisho ilitolewa Jumatatu jioni, na karatasi yasema saa 72. Maziwa yataanza kuuzwa lini?
6. Ugonjwa ulio wazi na ugonjwa wa siri watofautianaje?

Jibu la swali la tano ni hili: saa 72 ni siku tatu, nazo zatimia Alhamisi jioni saa ile ile. Ukimkama Alhamisi kabla ya saa hiyo, maziwa hayo bado ni ya kumwaga.

KAZI YA MWEZI HUU

Tafuta kikombe kimoja cheusi, vitambaa kulingana na idadi ya ng'ombe wako, na daftari moja. Katika daftari andika jina la kila ng'ombe, na chini yake chora mraba wenye vyumba vinne, kimoja kwa kila robo. Kila unapoona madonge, tia alama katika chumba chake pamoja na tarehe. Ukimtibu, andika jina la dawa, siku zake, na tarehe ambayo maziwa yataanza kuuzwa tena. Mwisho wa mwezi mpelekee afisa wa mifugo daftari hilo. Ataona kwa dakika moja ni ng'ombe gani anayeambukiza wenzake na ni robo gani ya kuanzia matibabu.